Anika na Anua

Sikujua kwamba mtu anaweza kuuacha wali wa nazi upoe kwa ajili ya neno moja, mpaka mume wangu alipoanza kutengeneza kiunzi chake. Sahani iko mbele yake, mchuzi wa papa umeshamwagwa juu ya wali, naye anatazama ukutani na kusema, "Hapana. 'Mlango' haufai. Mlango ni wa kuingilia na wa kutokea." Kisha anakula tonge moja na kusahau tena.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini, Ukunda, katika nyumba ya vyumba viwili tuliyopanga ndani kidogo kutoka barabara ya kwenda Diani. Wageni wa ng'ambo walikuwa wamepungua, na hoteli alimokuwa akifanya kazi ofisi ya hesabu iliwaachisha watu wengi, naye akiwamo. Alirudi nyumbani na kompyuta kuukuu ambayo hoteli haikuitaka tena. Tuliiweka chumbani mwa kulala, kwa sababu ndicho chumba kilichokuwa na sakafu ya saruji, nami nikaifunika kanga isiingie vumbi.

Mimi nilisoma hadi darasa la nane nikaishia hapo. Kazi yangu ilikuwa kufua mashuka ya mabanda ya kukodisha wageni kule Tiwi. Mambo ya kompyuta sikuyaelewa, na mengi siyaelewi hata leo. Ninayoandika ni niliyoyaona na kuyasikia nikiwa pale pale nyumbani.

Alinieleza hivi. Kila mwenye hoteli ndogo au mabanda alianza kutaka kurasa zake katika mtandao, ili mgeni aliye mbali aone chumba kabla hajapanda ndege. Mume wangu alizitengeneza moja moja, na kila mara akajikuta anarudia kazi ile ile. "Ni kama nyumba ya udongo," aliniambia. "Kila nyumba ina nguzo na fito. Mimi nikisimamisha nguzo na fito, mwingine atakandika udongo wake mwenyewe bila kuniita." Hicho ndicho alichokiita kiunzi. Mwenye kukitumia aliandika neno moja la amri, na mbele yake jina la kitu, na mashine ikafanya.

Kumbe kazi ngumu haikuwa mashine. Ilikuwa hayo maneno. Yeye mwenyewe alijifunza kwa maneno ya Kizungu, akiyakariri kama mtoto anavyokariri kitu asichojua maana yake, na ilimchukua muda mrefu kujua lipi linafanya nini. Hakutaka mtu mwingine apite njia hiyo. Alitaka mtu alisome neno na ajue papo hapo litafanya nini.

Basi akawa ananiuliza mimi. Si kwa sababu nilikuwa na akili kuliko wengine. Nilikuwa karibu.

"Nikikwambia 'kizingiti', unaona nini?"

Nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi, nakuna nazi. "Naona mahali ninapojikwaa kila siku, kwa vile hutaki kupasawazisha."

"Basi ndilo hilo. Mtu akiandika tarehe ambayo haipo, atajikwaa hapo kabla hajaingia."

"Na 'hodi' uliyoitaja jana?" nikamwuliza.

"Hodi ni pale mashine inapokuuliza wewe ni nani."

"Hodi anapiga mgeni," nikamwambia, "hapigi mwenye nyumba. Mashine ikiniuliza mimi ni nani, hiyo si hodi. Hiyo ni 'nani wewe'."

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Jirani akauliza kutoka ng'ambo ya ua kama tumepata habari njema. Akamjibu, "Namwuliza mke wangu maswali, naye ananijibu akiwa juu ya mbuzi." Neno 'hodi' alilifuta siku ile ile. Miezi ile hatukuwa na mengi, lakini sikumbuki wakati mwingine tuliocheka namna ile.

Nyuma ya kicheko hicho palikuwa na jambo. Kampuni moja ya Nairobi ilimtaka. Walikuwa wameona kurasa zake, wakampigia simu kupitia duka la jirani, wakampa mpaka baada ya Idi awajibu. Upande wa pili alikuwapo bi mkubwa mmoja, mstaafu wa ofisi za serikali kule Matuga, aliyejenga mabanda manne kwenye ardhi ya kwao Tiwi. Ndiye niliyemfulia mashuka. Yeye na jamaa zake wenye mabanda hadi Msambweni walikuwa tayari kukichukua kiunzi. Wakikichukua, mume wangu angepata kazi ya kutosha na tungebaki. Wakikikataa, angekwenda Nairobi. Mimi sikutaka aende. Sikumwambia, kwa kuogopa kwamba angebaki kwa ajili yangu, na siku mambo yakiharibika atanitazama kwa jicho jingine.

Bi mkubwa alikuwa na sharti moja. Karani wake wa mapokezi aweze kukitumia kiunzi peke yake. "Sitaki mtambo unaomlilia fundi kama mtoto mchanga," alisema.

Karani huyo alikuwa msichana wa bara, mcheshi, Mkristo wa kanisa la kila Jumapili, aliyekuja pwani kutafuta kazi ya hoteli akaishia Tiwi. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao. Mume wangu alimwita dada, naye alimwita mume wangu fundi. Siku ya kwanza alipokisoma kiunzi alikwama kwenye neno la kwanza tu.

"Hapa umeandika 'baraza'. Chifu anakuja?"

"Baraza ni pale mbele ya nyumba, dada. Mgeni anapoketi kabla hajakaribishwa ndani. Ndio ukurasa wa kwanza."

"Kwetu baraza ni kukaa kwa jua ukisikiza chifu akigombanisha watu juu ya pombe."

"Utazoea."

"Sawa. Lakini mgeni akiulizwa kitambulisho, mimi simo."

Neno 'baraza' lilibaki, kwa sababu mume wangu alilipenda. Lililotuletea msiba lilikuwa jingine, neno dogo ambalo hakuna aliyelifikiria. Lilikuwa 'toa'.

Banda la tatu liliezuliwa makuti ili liezekwe upya. Bi mkubwa akamwambia karani alitoe katika kurasa mpaka paa litakapokwisha. Karani akaketi mbele ya mashine ya mapokezi, akaandika 'toa', na mbele yake 'banda la tatu'. Siku chache baadaye wakaja wazee wawili wa Kizungu, mume na mke, wenye kofia za ukili na mizigo mingi. Walikuwa wamelichagua banda la tatu, kwa sababu ndilo lililokuwa juu kabisa ya ukurasa, na picha yake ilikuwa kubwa kuliko zote. Wakalifuata moja kwa moja, wakasukuma mlango wenyewe, wakaingia, wakatazama juu, wakaona mawingu.

Kesho yake bi mkubwa alikuja kwetu Ukunda na karani nyuma yake. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba bila kunitazama, macho yake yako kwa mume wangu.

"Fundi, umewaonyesha wageni wangu nyota mchana."

"Shikamoo, mama. Kumetokea nini?"

"Marahaba. Nimewalaza chumbani mwangu. Mimi nimelala jikoni na paka."

Karani alijieleza mwenyewe. "Niliandika toa banda la tatu. Nikaangalia, bado iko. Nikaandika tena. Kila nikiitoa, inapanda juu."

Mume wangu alishika kichwa. "Kutoa ni kuleta nje, watu waone. Kama mtu anavyotoa gazeti. Kama mtu anavyotoa sadaka."

"Na nikikwambia toa hiyo sahani hapo mezani, utaniletea ingine?"

Neno lilikuwa moja, na kila mmoja alilisema sawasawa, huyu akipeleka mbele na yule akirudisha nyuma. Bi mkubwa ndiye aliyehukumu.

"Wote wawili mnasema kweli," alisema, "na mimi nimelala na paka. Sasa sikilizeni. Wiki ijayo fundi anakwenda Vanga, arusi ya dada yake mdogo. Huko hakuna simu ya kumfikia, nami sitaki ya kumfikia. Tengenezeni hayo maneno yenu. Akirudi akakuta mambo yamekwenda, kiunzi nakichukua, na wenzangu nitawaambia. Akikuta mtu amelala jikoni, aende Nairobi na heri."

Tangu siku hiyo karani akawa anakuja kwetu akimaliza zamu, na chakula changu kikapoa mara mbili zaidi.

Walijaribu 'chapisha'. Karani akasema hiyo ni ya printa, atakaa akingojea karatasi. Walijaribu 'onyesha' na 'ondoa'. Hayo yalikuwa mazuri, lakini yalianza sawa, na siku ya pili karani alipokuwa na haraka akasoma moja mahali pa lingine, mabanda yote manne yakapotea. Walijaribu 'fungua' na 'funga'.

"Banda likifungwa," karani akauliza, "ni kufuli, ama ni limejaa?"

"Limejaa ni neno jingine."

"Basi mgeni wa nje atajuaje?"

Walijaribu 'ficha'. Walimpelekea bi mkubwa Tiwi, akalikataa kabla hawajaketi. "Nina nini cha kuficha mimi? Watu watasema naficha magendo."

Mume wangu alianza kukonda. Nilimsikia akiongea na maneno akioga. Siku moja aliniambia, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba koti lake la hoteli bado linamtosha na kwamba Nairobi kuna baridi. Nikasema ndiyo, kuna baridi. Nikaenda kufua.

Siku hiyo nilikuwa na mashuka ya mabanda yote. Niliyasuuza, nikayakamua, nikayaanika katika kamba zilizovuka ua mzima, mpaka ikawa kupita unainama. Karani alikuja adhuhuri. Yeye na mume wangu wakaketi kwenye kivuli cha ukuta wakibishana juu ya 'tandaza' na 'kunja'.

"Kunja ni mkeka."

"Kila kitu kwako ni mkeka ama sahani."

"Si wewe ndio ulisema mtu aone kitu?"

Mvua yetu ya pwani haibishi hodi. Inakuja kutoka baharini kama ukuta, na kwanza unasikia makuti ya nyumba za mbele yakivuma. Niliposikia mvumo huo niliacha beseni nikaita, kama alivyoita mama yangu na kama wanavyoita wote huku, "Anua. Anueni nguo." Jirani akaidaka akaipeleka kwa jirani wa pili, na ua kwa ua sauti ikatutangulia kuelekea barabarani, anua, anueni. Mume wangu aliruka bila kufikiri, akaanza kuvuta mashuka. Karani alibaki amesimama.

"Ati nini? Kuna nini?"

"Nguo," nikamwambia. "Anua nguo."

Aliniangalia kama nimemtukana. Kisha tone la kwanza likampiga usoni, akaelewa kwa mikono kabla ya masikio. Akakumbatia mashuka, tukakimbilia ndani, mlangoni tukagongana kwa sababu hakuna aliyeweza kuona mbele. Mume wangu akajikwaa kwenye kizingiti. Nikamwambia, "Ndicho hicho." Tulicheka tukiwa tumekaa sakafuni juu ya lundo la mashuka meupe, mvua ikipiga mabati tusisikilizane.

Ilipopungua karani akaniuliza, "Ulisema aje pale nje?"

"Anua."

"Ndio nini?"

"Ndio hivyo tulivyofanya. Kukitoa kitu juani ulikokianika."

"Kuanika najua. Hiyo ingine sijawahi kusikia. Kwetu tunasema tu, toa nguo."

Akalitamka 'toa' mara ya pili, polepole. Nikamwona anatazama shuka lililokuwa mapajani pake. Akalikunja nusu, akalifungua tena.

"Dada, kitu ikianuliwa haijatupwa, sindiyo?"

"Atupe nani? Kesho jua likitoka naanika tena."

Akamgeukia mume wangu polepole. "Fundi, banda la tatu haikuwa imekufa. Ilikuwa inangojea jua."

Mume wangu aliinuka na maji yakimchuruzika, akaiondoa kanga iliyofunika kompyuta. Ilinibidi nimshike shati. "Kausha mikono kwanza, bwana. Umeme huo." Alijifuta kwa shuka la mgeni, safi, nikalazimika kulifua tena. Sikujali.

Anika, watu waone. Anua, uliweke mpaka wakati wake. Hayo maneno mume wangu aliyajua tangu utotoni, nami nilikuwa nayatamka kila mara mawingu yakikusanyika, na hakuna kati yetu aliyewahi kuyasikia. Ilihitajika mtu ambaye moja kati ya hayo lilikuwa geni kwake.

Tukaenda Vanga. Barabara ilikuwa mbaya kama kawaida yake, na arusi ilikuwa nzuri kuliko nilivyotazamia. Mume wangu hakuwa na raha. Mdogo wake anatolewa nje na vigelegele, yeye ameketi na wanaume akitazama upande wa Tiwi, kana kwamba ungeonekana. Asubuhi ya pili mawingu yalifunga. Akina mama waliokuwa wameanika dagaa kwenye majamvi wakaanza kuitana, anua, anua. Yeye alisimama ghafla na kikombe mkononi, chai ikamwagikia kanzu mpya. Shemeji yake akamwuliza kama dagaa ni zake. Nilicheka mpaka nikaona aibu, kwa sababu nilikuwa upande wa bi harusi na wengi walinitazama.

Siku ya kurudi gari lilisimama Msambweni. Palikuwa na kibanda cha simu karibu na soko. Akakizunguka.

"Nipige kidogo tu. Nijue."

"Ukipiga, hatakuwa amefanya peke yake."

"Na kama kuna mtu jikoni?"

"Basi yuko jikoni tayari."

Akakizunguka tena, kisha akaninunulia chungwa, na yeye hakula.

Tulifika Tiwi na mizigo yetu ya arusi. Hatukupita nyumbani. Karani alikuwa kwenye meza ya mapokezi, anaongea na mgeni, akatuashiria kwa kidole tungoje. Tukangoja barazani, pale wageni wanapongojea. Alipomaliza akatuambia, kwa utulivu kabisa, kwamba bomba la banda la kwanza lilipasuka siku tuliyoondoka. Akalianua. Makuti ya banda la tatu yakaisha, likaanikwa. La kwanza likatengenezwa, likaanikwa tena.

"Na hakuna kilichokukataa?" mume wangu akauliza.

"Baraza tu. Hiyo bado naiogopa."

Bi mkubwa akatokea jikoni, na moyo wangu ukashtuka kwa sababu ya lile neno jikoni. Lakini alikuwa ameshika mwiko. Alikuwa anapika.

"Shikamoo, mama," tukasema pamoja.

"Marahaba, wanangu. Fundi, hilo la tatu nimelianika mimi."

"Wewe mwenyewe?"

"Kwani nani hajui kuanika? Huyu alikwenda kanisani, mafundi wa makuti wakamaliza, nikaketi pale nikaandika. Likatokea." Akamnyooshea mume wangu mwiko. "Nimezungumza na wenzangu wa Msambweni. Wanakutaka wiki hii. Hiyo Nairobi watafute mtu mwingine."

Mume wangu aliomba kutumia simu ya mapokezi. Aliwaambia watu wa Nairobi ahsante, na kwamba amepata kazi nyumbani. Alisema 'nyumbani' mara mbili, kwa sababu laini ilikuwa mbaya. Mimi nilikuwa nimesimama nje, nimeshika mfuko wa halua ya arusi, na nilikula karibu yote bila kujua.

Alikaa. Miaka mingi alikaa, akazeeka kidogo, akapata maradhi, akafariki. Kiunzi chake kilikuwa kimeshapitwa zamani. Siku hizi mambo hayo hufanywa na watu wengine kwa njia nyingine, na sidhani kuna mashine popote inayoyajua maneno yake. Karani alirudi kwao bara akaolewa. Alinipigia simu kunipa pole, na tulipomaliza kulia akaniambia kwamba huko kwao amewafundisha watoto wake kuanua nguo, na majirani wanadhani ni lugha ya kanisa lao.

Katika siku zangu za eda, wanawake wa mtaa walinifulia. Siku moja walikuwa wamefua kanzu yake, ile ya arusi ya Vanga, yenye doa la chai ambalo halikutoka kamwe. Walikuwa wamekwenda zao. Nikasikia makuti ya mbele yakivuma, kisha sauti ikaja ua kwa ua, anua, anueni. Nilitoka mbio nikaitoa kwenye kamba, na nilipofika mlangoni nikajikwaa kwenye kizingiti, ambacho hakukisawazisha maisha yake yote. Nilicheka peke yangu, na kanzu mikononi, mvua ikianza.

Ilikuwa bado mbichi. Asubuhi jua lilipotoka nikaianika tena.